Jiwe Lililoingia Katika Msingi wa Nyumba Yangu

Kwa miaka sita nilipita mbele ya chumba kile karibu kila siku bila kujua kilichomo. Kipo pembezoni mwa Jiji la Dodoma, upande wa barabara iendayo Iringa, ubavuni mwa ofisi ya serikali ya mtaa wetu, na kwa nje hakitofautiani na chumba chochote cha duka: paa la bati, mlango wa chuma wa rangi ya bluu, dirisha moja lenye nondo. Kibao chake cha mbao kimeandikwa kwa brashi neno moja tu, "Makumbusho", na kwa kuwa chini ya kibao hicho huketi mama anayeuza karanga na ubuyu, nilidhani siku zote kwamba neno lile ni jina la kituo cha bodaboda.

Siku niliyoingia nilikuwa nimefuata barua ya utambulisho ya binti yangu aliyekuwa akiomba kitambulisho cha taifa. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa msibani, mtendaji akaniomba nisubiri, na jua la Oktoba lilikuwa limeshapanda. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kivulini alinisogezea kiti. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanifundisha kuitikia salamu ya Kigogo, "mbukwenyi", kwa namna inayostahili, na tulipomaliza salamu akaniuliza kama ningependa kusubiri ndani, mahali penye vitu vya kutazama. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na mtaa mzima humwita Mwalimu. Funguo za chumba huzibeba mwenyewe, zimefungwa kwenye kipande cha ngozi.

Ni lazima nieleze nilikuwa mtu wa namna gani siku ile, kwa sababu bila maelezo hayo yaliyofuata hayataeleweka. Mimi ni mzaliwa wa Pangani. Nilihamia Dodoma mwaka 2017 pamoja na watumishi wengine wengi wa umma, baada ya Serikali kutangaza mwezi Julai 2016 kwamba sasa inahamia kweli katika makao makuu yaliyoamuliwa tangu mwaka 1973. Wengi wetu tulikuja na fikra kwamba tunahamia mahali patupu. Tulizoea kuambiana, tena kwa nia njema kabisa, kwamba huku kote kulikuwa pori, na kwamba historia ya jiji hili ndiyo kwanza inaanza na sisi. Nami nilisema hivyo mara nyingi, hata mbele ya watoto wangu.

Chumba chenyewe kina vitu visivyofika mia moja. Hakuna kabati la vioo wala taa maalumu. Rafu ni za mbao chakavu zilizopakwa oili chafu miguuni ili mchwa wasipande, na kwenye kona kuna beseni la maji ambalo Mwalimu hulijaza kila asubuhi wakati wa kiangazi, kwa sababu upepo mkavu wa Dodoma hupasua vibuyu na magogo ya ngoma kama usivyodhani. Kila kitu kimewekewa kipande cha karatasi ngumu kilichoandikwa kwa penseli. Niliuliza kwa nini penseli, akanijibu kwamba wino hupauka na maji yakiingia hutawanyika, ilhali penseli hudumu. Kwenye karatasi hizo kuna jina la kitu kwa Kigogo na kwa Kiswahili, jina la aliyekitoa, mahali kilipotoka, na maneno ambayo mtoaji aliyasema alipokileta. Ni maneno hayo yaliyonisimamisha. Chini ya kibuyu kimoja cha kutikisia maziwa, chenye mshono mrefu wa kamba nyembamba ubavuni, palikuwa pameandikwa: "Kilikuwa cha mama mkwe wangu. Kilipasuka nikiwa mwali, nikaogopa kumwambia, akakishona mwenyewe usiku."

Nilipokuwa mwanafunzi tulipelekwa Dar es Salaam kutembelea Makumbusho ya Taifa, ile iliyofunguliwa mwaka 1940, na ninachokumbuka zaidi ni mstari wa wanafunzi, sauti ya mwalimu akituhimiza tusogee, na uchovu wa miguu. Sisemi hivyo kuishusha hadhi, kwani hazina iliyomo mle ni ya nchi nzima na nimerudi mara kadhaa nikiwa mtu mzima. Ninachosema ni kwamba nilijifunza tangu utotoni kutembelea makumbusho kwa mwendo wa mstari: unatazama, unasoma neno moja, unasogea. Nilianza hivyohivyo katika chumba cha Mwalimu, na baada ya dakika kumi nikawa nimemaliza. Akaniambia kwa upole, "Mama, mwenyekiti hajarudi bado. Chagua kitu kimoja, ukae nacho."

Nilichagua ushanga. Ulikuwa tungo fupi ya shanga nyekundu na nyeupe pamoja na kipande cha waya wa shaba, vilivyookotwa wakati wa kuchimba kisima. Mwalimu akaniuliza ninatoka wapi. Nilipomjibu Pangani, akatabasamu na kusema, "Basi huenda babu zako ndio waliotulipa hizi." Akanieleza habari ambayo nilikuwa nimeisoma shuleni bila kuihusisha na ardhi niliyokuwa nimeikanyaga. Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ililazimika kuvuka Ugogo, na kabla ya kuingia Ugogo ilipaswa kukata nyika kavu iliyoitwa Marenga Mkali, baada ya kupita Chunyu karibu na Mpwapwa. Watu walifika upande wa pili wakiwa hoi kwa kiu. Maji na chakula vilikuwa mikononi mwa wenyeji, nao watemi wa Kigogo walitoza ada ya kupita, kutumia visima na kununua nafaka. Ada hiyo iliitwa hongo, na ililipwa kwa nguo, shanga na waya.

Nilikaa na maneno hayo kwa muda mrefu. Hongo, ambayo leo tunaitamka kama jina la uovu, ilikuwa hapa ada ya halali iliyotozwa na wenye nchi kwa wageni waliotumia maji yao. Chunyu, kwetu Pwani, ni ile chumvi inayoganda mwilini ukitoka kuoga baharini, na jina hilo lilikuwa limetungwa mamia ya kilomita kutoka baharini, mahali ambapo wasafiri walilalamikia ladha ya maji. Na malenga, ambaye kwetu ni mtunzi mahiri wa mashairi, kwa Kigogo ni maji tu, kwa hiyo Marenga Mkali ni maji makali. Lugha niliyodhani nimezaliwa nayo kikamilifu ilikuwa na vyumba ambavyo sikuwahi kuvifungua, na mlango wake ulikuwa mtaani kwangu, nyuma ya muuza ubuyu.

Barua niliipata alasiri ile, lakini nilirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine baada ya hapo, kila mara kwa ajili ya kitu kimoja.

Jumamosi moja ilikuwa ya kikapu kidogo cha ukindu kilichochakaa, ambacho bibi wa mtoaji alikitumia kupimia nafaka wakati wa njaa iitwayo Mtunya. Njaa hiyo ilidumu kuanzia mwaka 1917 hadi 1920. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza yalipita Ugogo yakichukua mtama, uwele na ng'ombe, na yakiwachukua wanaume kuwa wapagazi, hata pakakosekana mikono ya kulima. Ukame ulipokuja, maghala yalikuwa yamekwisha kuwa matupu. Inakadiriwa kwamba kati ya watu 150,000 wa eneo hili walikufa watu wapatao 30,000. Jina lenyewe, Mtunya, lina maana ya kugombaniana, watu wakinyang'anyana kilichobaki. Nilikishika kikapu kile kwa mikono miwili. Kinaingia konzi tatu za nafaka, pengine nne, na Mwalimu alisema kilikuwa kipimo cha siku kwa watu sita.

Kuna pia pingili tatu za mnyororo mzito wa chuma, zilizoletwa na mtoto wa kibarua aliyefanya kazi Kongwa katika mradi wa karanga wa Waingereza. Huko, kuanzia mwaka 1947, walifyeka nyika kwa matrekta makubwa, mengine yakivuta mnyororo wa meli kati yao ili kung'oa miti, wakitarajia kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Udongo ulipokauka uligeuka mgumu kama saruji, mvua zikawa haba, na mwaka 1951 mradi ukasitishwa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Habari hizo zimeandikwa kwingi. Kilichonigusa ni kwamba wenyeji wa Ugogo walikuwa wamejua tabia ya udongo huo kwa vizazi vingi, na juu ya udongo huohuo walijenga tembe zao zenye paa bapa la miti, nyasi na tope, paa linalofaa mahali ambapo mvua ya mwaka mzima haizidi sana milimita 600.

Upo ukuta wa ala za muziki, na hapo Mwalimu huwa hasemi sana, hupiga. Ana ilimba, ala ya vyuma vyembamba vinavyopigwa kwa vidole gumba juu ya sanduku la mbao, na zeze lenye kibuyu, na kuna ngoma za muheme ambazo kwa desturi hupigwa na wanawake wakiwa wamezibana mapajani. Binti yangu, niliyemchukua safari ya nne, aliwahi kumsikia marehemu Hukwe Zawose kwenye simu tu, na hakujua kwamba mtu yule aliyeifikisha ilimba hadi majukwaa ya Ulaya alikuwa Mgogo wa mkoa huuhuu. Alikaa na ilimba ile saa nzima.

Sasa nifike kwenye jiwe.

Lilikuwa chini kabisa, sakafuni, kwa sababu hakuna rafu ya kulibeba. Ni jiwe la kusagia, lile la chini, la rangi ya kijivu yenye chembe zinazometameta, refu kama mkono wangu kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole na upana wa mikono miwili iliyokunjuliwa. Katikati limelika na kuacha bonde laini lililojipinda kama mtumbwi. Mwalimu aliniambia nipige magoti, kama apigavyo magoti msagaji, nipitishe kiganja kuanzia mwanzo wa bonde hadi mwisho. Nilifanya hivyo, na kiganja kikanielekeza chenyewe: bonde halikuwa limenyooka, lilielemea kushoto, na upande huo lilikuwa na kina zaidi. "Aliyelitumia alikuwa na mkono wa kushoto wenye nguvu," alisema. "Sikubuni. Binti yake alipolileta nilimuuliza, akasema, ndiyo, mama alikuwa mashoto." Kisha akanionyesha vidoa vidogo vilivyotapakaa ndani ya bonde, kama uso ulioota ndui. Jiwe likisaga muda mrefu hulainika na kuteleza, nafaka zikawa zinakimbia badala ya kusagika, hivyo mwenye jiwe hulazimika kuligongagonga kwa jiwe gumu zaidi ili kulirudishia ukali. Vidoa vile ni alama za mara ya mwisho alipolinoa. Baadaye mashine ya kusaga ilifika kijijini na hakulinoa tena.

Nilikuwa bado nimepiga magoti nilipokumbuka. Nilihisi baridi mgongoni, na Mwalimu akaniuliza kama ninaumwa.

Mwaka 2019, nilipoanza kujenga, kiwanja changu kilikuwa na tuta pana la udongo upande wa mashariki, lenye umbo la pembe nne, urefu wake haukufika magotini. Nilidhani ni kichuguu kilichokufa. Fundi alipoanza kulisawazisha, vibarua walitoa vipande vya vyungu, majivu, na mawe matatu meusi yaliyokaa kama mafiga, na chini yake kidogo wakatoa jiwe kubwa lililojipinda katikati. Nakumbuka bonde lake. Nakumbuka hata kwamba mmoja wa vibarua, kijana wa huku, alilisimamisha, akalipangusa vumbi kwa mkono, akaniangalia kana kwamba anasubiri niseme neno. Nilikuwa na haraka; nilikuwa nimeomba ruhusa ya nusu siku kazini na saruji ilikuwa njiani. Fundi akasema jiwe hili ni zuri kwa kona, nami nikasema sawa. Likaingia katika msingi, kona ya kaskazini mashariki, na zege likamwagwa juu yake.

Nilimweleza Mwalimu yote hayo, na sikuficha habari ya yule kijana. Nilitarajia anilaumu, na angekuwa na haki. Badala yake alichukua daftari lake kubwa la jalada gumu, lile analoandikia kila kinachoingia, akaniuliza maswali: lilikuwa na rangi gani, bonde lilielekea wapi, mafiga yalikuwa umbali gani kutoka kwenye jiwe, majivu yalikuwa mengi kiasi gani, tuta lilikuwa na upande mmoja uliofunguka au la. Niliweza kujibu machache mno. Hapo ndipo nilipoelewa kazi halisi inayofanyika katika chumba kile. Kitu chenyewe, kwa Mwalimu, ni nusu tu. Jiwe la yule mama mashoto lingekuwa jiwe kama mengine elfu yanayolala katika mashamba ya Ugogo kama binti yake asingeulizwa, na kama jibu lake lisingeandikwa siku ileile. Vitu huletwa na watu wengi, wengine huvileta ili kupunguza mizigo nyumbani, lakini kuuliza kunahitaji mtu aliye tayari kukaa. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya kitu kilicho mahali pake, mafiga yakiwa bado yamekaa walivyoyaacha, na sikuuliza hata swali moja.

"Nenda kwa bibi jirani yako," Mwalimu aliniambia. "Yeye alikuwapo."

Bibi huyo tunapakana ukuta. Kwa miaka yote nilikuwa nikimsalimu, nikimpelekea futari na pilau ya Idi, naye akiniletea mlenda mkavu na uwele mpya. Tulikuwa majirani wema kwa kila kipimo ninachokijua. Nilikwenda kwake jioni na kilo mbili za sukari, nikaketi kwenye mkeka, na nilipomwuliza nani alikaa palipo nyumba yangu alinijibu papo hapo, kana kwamba swali lilikuwa limechelewa njiani. Palikuwa na tembe ya familia ya watu kumi na mmoja. Ua wa ng'ombe ulikuwa pale ninapoegesha gari. Mwaka 1971, wakati wa Operesheni Dodoma, ile iliyowakusanya wenyeji waliokuwa wakiishi wametawanyika na kuwaweka katika vijiji vya ujamaa, lori lilikuja kuwachukua asubuhi. Lilibeba watu, mbuzi, mitungi na magunia. Paa liliezuliwa miti iliyofaa, kuta zikaachiwa mvua, na mvua chache zilitosha kuzishusha zikawa lile tuta.

"Na jiwe la kusagia?" nilimwuliza.

"Kubwa lilibaki. Nani angelibeba?" Alinyamaza kidogo akichambua mlenda. "Dogo la juu aliondoka nalo. Alilifunga kwenye kanga, mgongoni, kama mtoto. Watu walimcheka garini, lakini yeye alisema, jiwe kubwa nitalipata kokote, hili limeshazoea mkono wangu."

Sikumwambia bibi siku ile kwamba jiwe kubwa lipo chini ya sebule yangu. Nilimwambia wiki iliyofuata, baada ya kujikaza, naye alisikitika kwa kweli. Hakunifariji upesi, na nadhani alifanya vyema. Kisha akaomba nimwonyeshe ni kona ipi. Alisimama hapo nje akiwa ameshika ukuta, akanionyesha kwa fimbo yake mlango wa tembe ulikotazama, mahali pa ghala la nafaka, na mahali mama yule alipokuwa akipiga magoti alfajiri. Binti yangu aliandika kila neno, kwa penseli, kwa sababu Mwalimu alikuwa amemkanya kuhusu wino. Tulipima kwa hatua na tukachora.

Karatasi zile nilizipeleka Jumamosi. Mwalimu alizisoma zote mara mbili akiwa amesimama mlangoni penye mwanga, akaniuliza maswali mawili ambayo ilinibidi nirudi kumwuliza bibi, na nilipoleta majibu akafungua daftari na kuingiza kumbukumbu mpya katika mstari wake, ikiwa na namba kama vitu vingine vyote, ingawa hapakuwa na kitu cha kuweka rafuni. Aliandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: jiwe la kusagia, la chini, limo katika msingi wa nyumba, kona ya kaskazini mashariki. Aliandika jina la mwenye jiwe, ambalo bibi alilikumbuka lote, na jina la kijiji ambako lori liliwashusha. Akaandika habari ya kanga.

Kisha akapiga rula na kuacha mistari mitatu mitupu, akaweka namba nyingine pembeni yake, kwa ajili ya lile jiwe dogo. Wajukuu wa mama yule wapo hukohuko kijijini, bibi ametuambia hivyo, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu tumepanga kwenda, Mwalimu, binti yangu na mimi.